Kumsindikiza mgonjwa wa saratani: mwongozo kwa kanisa la mahali, wakati wa matibabu na baada yake



Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wachungaji, mashemasi, wamama wa kanisa, vijana, na kila familia yenye mgonjwa wa saratani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansere. Haifundishi namna ya kutibu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya madaktari na wauguzi. Inaeleza namna ya kuutunza moyo, akili na roho ya mtu anayetibiwa, na pia ya mtu ambaye amekwisha kumaliza matibabu na kurudi nyumbani.

Kwa kawaida kanisa linajua kufanya mambo mawili: kumwombea mgonjwa siku anapoondoka kwenda hospitali, na kufanya matanga akifariki. Katikati ya siku hizo mbili kuna miezi, hata miaka, ambayo mgonjwa anaipita karibu peke yake. Tunataka kuzungumzia miezi hiyo.

Hali ya mgonjwa katika mazingira yetu

Katika nchi yetu, kwa wanawake saratani zinazoonekana zaidi ni ya titi na ya mlango wa kizazi. Kwa wanaume ni ya tezi ya prostate. Watoto nao hawakosi: uvimbe wa taya unaoitwa limfoma ya Burkitt ulielezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi hapa jirani, Uganda.

Mtu wa Kirumba, katika teritware ya Lubero, akiambiwa ana uvimbe wa kuchunguzwa, safari yake ni ndefu. Kwanza hupita kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa, kisha Butembo au Goma. Matibabu ya mionzi hayapatikani katika jimbo letu la Kivu Kaskazini. Mwenye uwezo huvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, au huelekea Rwanda, ambako kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012.

Juu ya hayo kuna vita. Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga na Kirumba zilichukuliwa na M23, na watu wengi wakakimbilia kaskazini. Mgonjwa wa saratani hukimbia kama wengine, lakini kwake kukimbia kuna hasara ya pekee: tarehe ya dawa inapita, karatasi za vipimo zinapotea, na muuguzi aliyemjua habari zake anabaki upande mwingine. Kwa hiyo tunapoongea juu ya hofu ya mgonjwa wetu, tusidhani ni hofu ya ugonjwa tu.

Maumivu ya aina nne

Cicely Saunders, Mkristo wa Uingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii, na mwishowe daktari, alifungua London mwaka 1967 nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi, St Christopher's Hospice. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yana pande nne zinazoshikana:

- Maumivu ya mwili: kidonda, mifupa, kichefuchefu, uchovu.
- Maumivu ya moyo na akili: hofu, hasira, huzuni, kukosa usingizi.
- Maumivu ya jamii: deni, shamba lililouzwa, watoto waliofukuzwa shule, ndoa inayotetereka.
- Maumivu ya roho: swali la "kwa nini mimi?", na hofu ya kwamba Mungu amemwacha.

Mafundisho haya yanatusaidia kwa sababu upande mmoja ukipuuzwa, mingine huzidi. Mama asiyelala kwa sababu ya deni la hospitali atasikia kidonda kinauma zaidi. Baba anayeamini kwamba amelaaniwa anaweza kuacha dawa. Na mchungaji anayesoma Zaburi mbele ya mtu ambaye hajapewa dawa ya maumivu anamwomba asikilize wakati mwili wake haumruhusu kusikiliza. Kabla ya kufungua Biblia, tuulize: "Umelala? Umekula? Kunauma wapi?" Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:4-8). Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye.

Siku za kwanza baada ya kusikia habari

Mtu anayeambiwa kwamba ana saratani mara nyingi hasikii maneno yanayofuata. Anaweza kunyamaza, kukataa kwamba ni kweli, kukasirika, au kucheka. Yote haya ni ya kawaida.

Jambo la kufanya ni kwenda kwake na kukaa. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:11-13). Walikosea walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Wagonjwa wetu nao hupata wageni wa kueleza sababu: ni jirani aliyemroga, ni dhambi iliyofichwa, ni mimba iliyotolewa ujanani, ni wivu wa mke mwenza. Maneno haya yanajeruhi, na yanachelewesha matibabu. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alikataa kumlaumu yule mtu na wazazi wake pia (Yohana 9:1-3).

Tuseme pia wazi: saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kulala chumba kimoja, kuvaa nguo moja, au kumwosha mgonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hutokana na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo watu wengi sana hupata maishani bila kujua, na kwa wengi huondoka vyenyewe. Kwa hiyo saratani hiyo si ushahidi wa uzinzi. Mwanamke anayeugua asihukumiwe kanisani kwa ajili yake.

Kuna swali linalozisumbua familia zetu: mgonjwa aambiwe ukweli au afichwe? Mara nyingi wajomba na shangazi huamua afichwe "asife kwa hofu". Lakini mgonjwa huona nyuso, husikia minong'ono, na hubaki na hofu ambayo hawezi kumwambia mtu. Njia nzuri ni kumwuliza mwenyewe: "Ungependa kujua mambo yote ambayo daktari ameona, au tumwambie nani akushike mkono katika hayo?" Tena siri ya mgonjwa ni yake. Tusiitangaze katika maombi ya siku ya Mungu bila ruhusa yake.

Wakati wa matibabu

Matibabu makubwa ni matatu: upasuaji, dawa za kemoterapia (nyingi huingizwa mwilini kama serumu), na mionzi. Kila moja huacha alama mwilini na moyoni.

*Kemoterapia* inaweza kuleta uchovu mkubwa, kutapika, vidonda vya kinywa na kunyonyoka nywele. Nywele kwa kawaida huota tena baada ya dawa kwisha. Kwa mama, kupoteza nywele ni kama kutangazwa sokoni kwamba anaumwa. Wamama wa kanisa wanaweza kumletea kitambaa kizuri, na binti zake wafundishwe kutomshangaa. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi: uji, maharagwe yaliyosagwa, ndizi, yai, vitu ambavyo anaweza kumeza.

Dawa hizi hupunguza pia nguvu za mwili za kupigana na maambukizi. Hapa kuna onyo ambalo kila mlinzi wa mgonjwa alijue: mtu aliye katika kemoterapia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe dawa ya malaria nyumbani na kungojea kesho. Kwa sababu hiyo pia, mwenye mafua au kikohozi aahirishe kumtembelea, na wageni wanawe mikono.

*Upasuaji wa titi* huweza kufuatwa na uvimbe wa mkono wa upande ule. Hili ni jambo zito kwa mama wa Lubero, anayebeba kuni, mihogo na maji mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso, na kulima kwa mikono miwili. Aulize hospitalini ni mzigo gani anaweza kubeba, lini aanze, na mazoezi gani ya mkono ayafanye. Kanisa likimpelekea vijana wa kumchotea maji na kumpalilia shamba kwa miezi ya kwanza, limemhudumia kweli.

*Mionzi* inayotolewa na mashine kutoka nje ya mwili haibaki ndani ya mgonjwa. Anaporudi nyumbani anaweza kumkumbatia mtoto wake bila hatari yoyote. Mionzi ya sehemu za chini inaweza kukausha uke, kuleta maumivu katika tendo la ndoa, na kukatiza hedhi kabla ya wakati. Wengi huona haya kuuliza. Mchungaji na mke wake, wanapoongea na wenzi hawa, wawaambie kwamba jambo hili linajulikana, lina msaada hospitalini, na si sababu ya mume kutafuta mwanamke mwingine.

Maombi na dawa

Hapa ndipo maisha ya watu yanapokuwa hatarini, na ndipo sisi watumishi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kuna wagonjwa wanaoacha kemoterapia katikati kwa sababu waliambiwa katika chumba cha maombi kwamba wamekwisha kupona, na kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani. Uvimbe ambao ungeweza kutibiwa hukua wakati mtu anangojea.

Biblia haituamuru kuchagua. Isaya aliyeleta neno la uponyaji kwa mfalme Hezekia ndiye aliyeagiza aletewe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7). Msamaria alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, kisha akalipa gharama za nyumba ya wageni (Luka 10:34-35). Yakobo anawaagiza wazee wa kanisa waombe na kupaka mafuta (Yakobo 5:14), wala hasemi mgonjwa aache matunzo mengine.

Basi tuwe na kanuni hizi katika kila parokia:

- Hakuna mtumishi anayemwambia mgonjwa aache dawa. Anayeshuhudia kwamba amepona arudi hospitalini apimwe, na kanisa litamshukuru Mungu pamoja naye kwa matokeo.
- Tumwombee mgonjwa apone, na tumwombee pia apate usingizi, nauli, daktari mwenye huruma na ujasiri wa kesho.
- Mgonjwa asiyepona asiambiwe kwamba imani yake ilikuwa ndogo.
- Apewe nafasi ya kulia mbele za Mungu. Zaburi ya 13 na ya 88 ni maombi ya watu waliolalamika, na ziko ndani ya Biblia yetu.

Dawa ya maumivu si dawa ya kifo

Familia nyingi huogopa morfini. Wanasema mgonjwa akifika hapo amekwisha kukatiwa tamaa, au atakuwa mlevi wa dawa. Morfini ikitolewa na mhudumu aliyefunzwa, kwa kipimo kinacholingana na maumivu, humwezesha mgonjwa kulala, kula, kuongea na watoto wake na kuomba. Mara nyingi hufunga choo, kwa hiyo mhudumu hutoa na dawa ya kulainisha tumbo.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba hili linawezekana hata kijijini. Mwaka 1993 Dr Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako morfini ya kunywa hutengenezwa kwa bei ndogo. Tangu 2004 sheria ya nchi hiyo inaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, si madaktari peke yao. Mwaka 2014 Mkutano wa Afya wa Dunia uliziomba nchi zote ziingize utunzaji wa namna hii katika huduma za afya. Familia ina haki ya kumwambia daktari: "Mgonjwa wetu anaumia, tunaomba msaada wa maumivu."

Baada ya matibabu

Watu hudhani kwamba siku ya mwisho ya dawa ni siku ya furaha tu. Ibada ya shukrani hufanyika, mbuzi huchinjwa, kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Lakini wengi waliomaliza matibabu hulemewa zaidi wakati huo. Hospitalini walikuwa na tarehe, wauguzi, na wenzao wa chumba kimoja. Nyumbani wamebaki na makovu, deni, na watu wanaowaambia: "Si umepona?"

Mambo yanayotokea mara nyingi ni haya:

- *Uchovu* unaoweza kudumu miezi mingi. Si uvivu. Mtu arudi kwenye kazi pole pole, na atembee kidogo kila siku, kwa kuwa mwendo mdogo huongeza nguvu.
- *Usahaulifu* na shida ya kukaza fikira. Asaidiwe kuandika mambo katika daftari.
- *Hofu kwamba ugonjwa utarudi.* Kila maumivu ya mgongo huamsha hofu hiyo, na huzidi juma la kwenda kupimwa. Kanisa liandike tarehe zake za vipimo, na mtu mmoja amsindikize.
- *Mwili mpya.* Mama asiye na titi moja, au baba anayetumia mfuko wa choo, anaweza kuacha kuja ibadani kwa aibu. Tumtembelee, na tumwandalie mahali pa kukaa karibu na mlango.
- *Huzuni ya walioachwa*: kumbukumbu ya rafiki wa hospitalini ambaye hakurudi kwao.

Karatasi zote za hospitali ziwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na picha zake zihifadhiwe katika simu ya mtu wa pili. Katika eneo letu, ambamo mtu anaweza kukimbia usiku, mfuko huo ni wa kubebwa kwanza.

Huzuni inapozidi

Huzuni ni ya kawaida kwa mgonjwa. Lakini ikidumu majuma mawili au zaidi, mtu akipoteza hamu ya kila kitu, asilale au alale mchana kutwa, ajilaumu, au aseme kwamba ni afadhali asiwepo, huo ni ugonjwa unaohitaji msaada wa mhudumu wa afya au mwanasaikolojia. Maombi yaendelee, lakini apelekwe.

Mkimsikia akiongea juu ya kujiua, mwulizeni waziwazi kama anafikiri hivyo. Kumwuliza hakumpi wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani na vyombo vya hatari, na mmfikishe hospitali. Asitengwe na kanisa kwa maneno hayo.

Tusimsahau mlinzi wa mgonjwa

Nyuma ya kila mgonjwa kuna mtu analala juu ya mkeka chini ya kitanda: mke, dada, au msichana aliyeacha shule. Yeye pia huugua kwa uchovu na mawazo. Mwulizeni habari zake mwenyewe, si za mgonjwa tu. Mbadilisheni hata usiku mmoja kwa juma. Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno mepesi, kwamba mama anaumwa sana, kwamba si kosa lao, na nani atawapikia.

Tuna ujuzi tayari

Kazi hii si ngeni kwetu. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki, wengi wao hapa Beni, Mangina, Butembo na Katwa, pia Ituri. Tulijifunza kwamba mtu akitoka kituo cha matibabu amepona bado anahitaji kufuatiliwa macho, viungo na moyo, na kwamba jirani anayemkataa anamwumiza mara ya pili. Waliopona ndio waliokuwa walinzi wazuri wa watoto wachanga waliotengwa na mama zao. Vivyo hivyo, mtu aliyepita katika saratani ndiye anayeweza kumwambia mwenzake neno ambalo mchungaji hawezi kulisema.

Tunao pia mfano wa Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, jumuiya ya Kiprotestanti. Katika kuwahudumia wanawake waliobakwa, Dr Denis Mukwege na wenzake waliunganisha matibabu ya mwili, msaada wa moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kujitegemea kimaisha. Ugonjwa ni mwingine, lakini mpango huo wa kumtazama mtu mzima unatufaa.

Kanisa la mahali lianze wapi?

1. Lichague watu watatu au wanne wenye kutunza siri, mmoja wao awe muuguzi au mhudumu wa afya wa kanisa, na mmoja awe amewahi kuugua.
2. Kila mgonjwa awe na mtu wake mmoja anayemjua, wa kumtembelea kila juma, kwa muda mfupi, bila mahubiri marefu.
3. Kikundi cha akiba au mituele kitenge kiasi kidogo kwa nauli za matibabu na vipimo, kabla familia haijauza parsele yake.
4. Wachungaji wa Kirumba, Kayna, Lubero, Butembo, Beni na Goma wapashane habari, ili mgonjwa anayesafiri au kukimbia apokelewe na kanisa la huko.
5. Kazi iendelee angalau mwaka mmoja baada ya matibabu kwisha.
6. Asiyepona asindikizwe mpaka mwisho, apatane na watu wake, aseme matakwa yake, na afe akiwa ameshikwa mkono.

Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, na alikuja nyuma ya Yesu akijificha. Yesu hakumwacha aende zake kimya. Alisimama, akamsikiliza habari yake yote mbele ya watu, akamwita binti (Marko 5:25-34). Kusimama na kusikiliza kunawezekana katika kila parokia yetu, hata ile isiyo na zahanati wala fedha.

Bwana awatie nguvu wote wanaougua, pamoja na wale wanaowalinda usiku. Amina.